Mshono Uliopinda

Tarehe 4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na cherehani haijambo, maana najua ukiulizwa habari zako unaanza na za cherehani. Sisi huku wazima. Baba amepata miwani mipya, na sasa anatusomea kwa sauti kila kitu, hadi maandishi ya kwenye kiberiti. Tumekoma. Chai yake bado hataki itiwe sukari hata chembe. Nikimtania anasema yeye na sukari walishaachana zamani.

Sasa neno lenyewe. Kikundi chetu cha maigizo kimekubali! Nimewaeleza kuhusu lile daftari la vipimo la Babu uliloniruhusu kulipiga picha Desemba: mbele vipimo vya wateja wa Babu fundi, nyuma maneno ya binti yake wa miaka kumi na mitatu, vita vikipita nje ya mlango na familia imejifungia miezi tisa kwenye chumba cha nyuma cha duka la ushonaji. Nilipowasomea kurasa tatu za kwanza, fundi magari wetu, ambaye huwa hasikilizi mtu, aliniomba nizisome tena. Nikajua tumepata mchezo. Nakutumia wote, kurasa arobaini na sita. Umekuwa mhusika mkuu, nawe tunakuita Sindano, kama nyumbani walivyokuita.

Wote wana swali moja, na mimi pia. Katikati ya daftari kuna kurasa mbili zimeshonwa pamoja kwa uzi, pande zote tatu. Desemba niliziona nikaogopa kuuliza. Sasa nauliza. Je, unaweza kuzifumua, au kuniambia tu zina nini? Mwisho wa mchezo nimeutunga kwa kubahatisha, na moyo wangu hauko sawa.

Mwanao mtiifu (usicheke)

*

Tarehe 27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti linanitii siku za jua tu. Cherehani ni nzima kuliko mimi. Mwambie baba yako hongera ya miwani, na asianze kusoma barua za watu.

Mchezo wako nimeusoma nikiwa nimekaa kwenye kiti cha wateja, miguu juu, kama bibi harusi. Nikafika ukurasa wa arobaini na tano nikakuta nimekufa. Nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Nimekufa kweli, tena kwa maneno mengi. Sasa mwanangu, kama mimi nimekufa, hii suruali ya mwalimu mkuu anaipunguza nani? Najua watu hulia vizuri mtoto akifa jukwaani. Waache walie kwao.

Halafu huyo Sindano wako ni malaika. Kila akifungua mdomo anasema neno la kuandikwa ukutani. Mimi nilikuwa mlafi na mwongo, na nilikuwa namfinya baba yako kila siku kabla ya chakula ili akose hamu, nipate mabaki yake. Tena tulicheka, wewe! Siku moja askari wanapita nje, buti zao puu, puu, puu, sisi wote tumeganda, na suruali ya babu yako ikamteleza yenyewe hadi vifundoni. Akabaki amesimama hivyo hivyo, mikono juu kama mti wa kuanikia nguo. Bibi yako aling'ata pazia asicheke. Mbona hilo umeliruka? Limeandikwa.

Na jambo la tatu, ambalo limeniuma. Zile namba za huko nyuma, kando ya maneno yangu, zenye herufi B, M, S na K, wewe umezifanya wateja. Umewapa hadi sura: mfanyabiashara, mke wa daktari. Wateja gani? Mlango ulikuwa umepigiliwa misumari. B ni Baba, M ni Mama, S ni mimi, K ni Kadogo, yaani baba yako, wakati huo ana miaka sita. Kila Jumapili babu yako alitupanga mstari, akatupima kwa tepu yake, akaandika. Kiuno cha bibi yako kinaanza na sabini na nane. Kitazame mwezi wa nane ukione. Babu yako hakuweza kusema "tunakonda". Alikuwa anasema, "Lete gauni nilibane." Alibana kwa mkono, kwa sababu cherehani aliitoa mkanda siku ya kwanza ili isitoe mlio. Suruali ile iliteleza kwa sababu ya kwake aliisahau.

Kuhusu zile kurasa mbili, nilizishona mwenyewe na sina hamu ya kuzifumua. Funika kombe mwanaharamu apite.

Shangazi yako, bado hai

*

Tarehe 15 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe kwa kukuua. Nimekufufua siku hiyo hiyo barua ilipofika. Baba hajambo, amejipa kazi ya kutengeneza redio ya jirani, na sasa jirani hana redio.

Zile namba zimenilaza chali. Miezi mitatu nazitazama, nimezichorea na wateja wenye kofia, kumbe ni bibi yangu anaisha! Nimefuta maonyesho mawili mazima, nikaandika moja tu: Jumapili, Babu anapima. Hakuna anayesema neno ila yeye, anataja namba. Fundi magari ndiye anayeigiza Babu. Tulipolijaribu mara ya kwanza alifika sentimita sitini na tatu, akakunja tepu, akatoka nje kuvuta hewa. Suruali inayoteleza nayo ipo, na hiyo tunashindwa kuifanya bila wote kuanguka kicheko.

Wewe unaigizwa na binti mmoja tunayemwita Kasuku, kwa sababu anashika maneno upesi. Ni msusi. Vidole ni vyepesi, ila sindano anaishika kama anatoa mwiba.

Swali dogo. Umeandika, "Leo ile nusu kilo ya sukari imepotea. Wamesema ni mimi. Si mimi." Basi, kisha zinafuata kurasa zilizoshonwa. Nani aliila? Nimelifanya onyesho zima la kuchekesha, wote wanatuhumiana kwa kunong'ona. Jumamosi Baba alikuja kututazama, mara ya kwanza. Alicheka vizuri tu mpaka hapo penye sukari. Kikohozi kikambana, akachukua kofia, akaondoka, na hajarudi tena. Ukumbi wetu una vumbi kweli, tumeshausafisha.

Zile kurasa siziulizi tena. Nazitaja tu.

Mwanao

*

Tarehe 9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Huku mvua, goti limegoma.

Huyo Kasuku mwambie sindano haishikwi kwa ncha za vidole. Anaishika kwa kidole gumba na cha shahada, na kile cha kati kinasukuma kutoka nyuma, kimevaa subana. Namtumia subana yangu ya zamani ndani ya bahasha hii, ile kofia ndogo ya chuma, ina tundu moja pembeni lakini inafaa. Asiinue mkono juu kila anapovuta uzi, hapigi ngoma. Na uzi asiukate kwa meno. Babu yako alikuwa akituona tunakata kwa meno anasema meno ni ya Mungu, mkasi ni wa dukani.

Sukari sikula mimi. Nimesema hivyo miaka sitini na nitasema hivyo hata mbele ya Muumba. Ilikuwa imewekwa kwa ajili ya siku ya mgonjwa, juu ya kabati, imefungwa kwenye karatasi. Mimi ndiye niliyekuwa na urefu wa kufika, basi nikawa mwizi. Nililala njaa siku mbili. Baadaye babu yako akasema labda panya. Panya gani anayekula sukari halafu anaikunja karatasi vizuri na kuirudisha?

Hapa kuna kazi nyingi, wanafunzi wanafungua shule. Nakomea hapo.

Shangazi yako

*

Tarehe 30 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimechelewa kuandika, tulikuwa tunahangaikia ukumbi. Sasa tumeupata kwa uhakika, na tarehe imepangwa: ishirini Agosti, saa kumi na moja jioni. Baba mzima. Nimemwekea kiti cha mbele, akasema mbele patamuumiza shingo. Nikamwekea cha nyuma, akasema nyuma haoni. Mfa maji haachi kutapatapa, ila sijui yeye anazama kwenye nini.

Subana imefika. Kasuku analala nayo. Sasa anashona kweli, na ametubania nguo zetu sote bila kuombwa.

Shangazi, acha niseme yaliyo moyoni. Mchezo una mwili mzuri lakini katikati una tundu. Siku ya sukari umeandika kwa hasira. Kisha zinakuja zile kurasa, kisha kimya cha siku tisa, wewe ambaye hukuacha hata siku moja. Halafu unaandika maneno matatu tu: "Kadogo amekaa mwenyewe." Kuanzia hapo Sindano ni mtu mwingine. Hamfinyi tena mdogo wake, anampa na chakula chake. Kasuku ananiuliza, "Kimenipata nini hapa katikati?" Nikitunga, nitakuua tena kwa namna nyingine. Ukisema hapana ya mwisho, nitaacha giza jukwaani kwa muda wa pumzi tisa na tutaendelea. Sitakulaumu.

La kukuchekesha: jana mama anayetushonea mavazi alizikuza zile picha za daftari kwenye kompyuta ili aone rangi ya jalada. Akatazama ule mshono wa kurasa mbili, akasema, "Hapa palishonwa na mtu anayejifunza. Mshono umepinda." Nikamwambia achunge mdomo, aliyeshona ndiye fundi hodari kuliko wote niliowahi kuwaona.

Mwanao

*

Tarehe 6 Juni

Wewe mtoto,

Marahaba, ingawa leo imetoka kwa shida.

Umepinda? Mshono wangu? Mimi nilikuwa napiga upindo wa gauni la bibi harusi nikiwa na miaka kumi na moja, na babu yako, ambaye hakumsifu mtu ila maiti, alisema, "Huu sitaugusa." Miaka sitini nashonea mahakimu, manesi na mapacha wasiolingana, hakuna aliyewahi kunirudishia nguo kwa mshono uliopinda. Huyo mama anajifunzia wapi kutazama? Mwambie avae miwani ya baba yako.

Daftari liko chini ya kasha, kwenye kitambaa chake. Nitalitoa, niutazame huo mshono kwa macho yangu, kisha nitakuandikia, na huyo mama ataniomba radhi kwa maandishi. Sifumui kitu. Nakwenda kutazama tu.

Shangazi yako

*

Tarehe 10 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mwezi mzima hujaandika. Nimepiga simu mara sita, na najua simu yako unaiweka kwenye droo ya vifungo, lakini hata vifungo vingesikia. Yule mama wa mavazi nimemkemea, anakuomba radhi, karatasi yake nimeiambatisha humu. Kama nimekukosea, mchezo na uvunjike, wewe ndiye mmoja tu niliye naye. Niandikie hata neno moja.

Baba ananiuliza kila siku kama barua yako imefika. Hajawahi kuniuliza hivyo.

Mwanao

*

Tarehe 22 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, goti zima, cherehani nzima. Nilikuwa na jambo la kumeza na halikuwa dogo, ndiyo maana nikanyamaza.

Siku ile nilivyopandwa na hasira nilifungua kasha hata chai sijanywa. Tangu nilipozishona zile kurasa sikuwahi kuzitazama. Vita vilipokwisha daftari lilikaa na babu yako miaka miwili, likarudi kwangu, nikalifunga kitambaa, basi. Hata Desemba nilikukabidhi likiwa limefungwa, nikaenda jikoni, utakumbuka. Sasa nikawasha taa ya cherehani, nikavaa miwani, nikatazama.

Yule mama amesema kweli. Umepinda. Ila si wangu.

Mimi nilitumia uzi mweusi, mishono midogo, fundo kwa ndani. Huu uzi ni wa kahawia. Mishono inarukaruka, fundo ni kubwa kama punje ya mahindi, limekaa nje bila haya, na mishono yote imelalia upande usio wake, anavyoshona mtu wa mkono wa kushoto. Matundu ya sindano yangu yapo pembeni yake, matupu. Katika nyumba yetu mtu wa mkono wa kushoto alikuwa mmoja tu, nawe unaishi naye.

Sasa nikuambie nisichowahi kumwambia mtu. Siku ya pili ya njaa yangu, Kadogo alianza kulia askari wakiwa mlangoni. Bibi yako akamziba mdomo kwa kitambaa mpaka nikaogopa. Walipopita, nikachukua kalamu nikaandika kurasa mbili nzima. Niliandika natamani Kadogo asingezaliwa. Niliandika akitoweka tutapumua. Kesho yake akaanza kuharisha na kuwaka homa. Babu yako akainua mkono juu ya kabati kutafuta sukari ya kumchanganyia maji, akakumbuka haipo. Siku tisa. Nikaamini ni kalamu yangu iliyomlaza. Siku alipokaa mwenyewe, nikachukua sindano nikazishona zile kurasa, kwa sababu niliogopa siku moja atajua kusoma.

Basi alijua kusoma.

Nikafumua. Ncha ya mkasi iliukosa uzi mara mbili, mimi ambaye natunga uzi bila kutazama. Maneno yangu yapo, yamefifia, na ni mabaya kama nilivyoyakumbuka. Chini yake, kwa penseli, herufi kubwa za mtoto aliyejifunza kuandika juzi:

DADA NIMESOMA. SUKARI NILIKULA MIMI. NILIPANDA KITI. USIMWAMBIE BABA.

Nililia, sikufichi. Nililia mpaka mteja akarudi zake na kitambaa chake. Kisha nikafika tena pale pa "usimwambie Baba" nikaanza kucheka, na kicheko nacho kikakataa kuisha. Miaka sitini namficha mtu jambo analolijua, na yeye ananificha jambo nililolilalia njaa! Tumezika wazazi pamoja, tumeozesha watoto pamoja, kila mmoja anamwangalia mwenzake kwa pembeni. Kumbe alinisoma nikimtakia kutoweka, na jibu lake likawa kuungama sukari na kunishonea siri yangu tena, kwa mkono wake mbovu, ili nisiaibike. Nani alimfundisha hilo akiwa na miaka minane?

Kuhusu huyo Sindano wako, mwambie Kasuku hivi: hapo katikati amejijua kuwa ana ubaya, na mdogo wake amepona. Aigize hayo mawili. Kurasa zisomwe jukwaani, zote, pamoja na penseli. Lakini kwanza umsomee baba yako barua hii nyumbani, asije akayasikia mbele za watu.

Na mwisho usiutafute mbali. Unadhani niliacha kuandika kwa huzuni? Wateja walirudi, babu yako akalihitaji daftari. Tazama ukurasa wa mwisho, kipimo cha mgeni wa kwanza kimeandikwa juu ya sentensi yangu. Alirudisha mkanda kwenye cherehani, akakanyaga, na mlio ule ulivyoanza sisi wanne tuliziba masikio kwa mazoea, kisha tukatazamana. Maliza na huo mlio.

Nakuja na basi la tarehe kumi na nane. Nipangie kiti cha mbele, na cha pembeni yangu akae baba yako, shingo imuume isimuume. Mwambie aje na nusu kilo ya sukari. Hataniuliza ya nini.

Shangazi yako

*

Tarehe 3 Agosti

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sote wazima, na leo sina habari nyingine za nyumbani, maana habari yenyewe ndiyo hii.

Nilimsomea Baba baada ya chakula cha mchana, mezani. Alianza kwa kukunja uso kama hasikii. Nilipofika kwenye uzi wa kahawia akavua miwani. Nilipofika kwenye penseli alisema kabla sijasoma, polepole, neno kwa neno, bila kukosea hata moja. "Dada nimesoma. Sukari nilikula mimi. Nilipanda kiti." Halafu akaniuliza, "Amekasirika?" Baba yangu ana miaka sitini na sita, Shangazi, na aliuliza kwa sauti ya mtoto wa miaka sita.

Nikamwambia umecheka. Akauliza mara mbili kama ni kweli. Nikamwonyesha mstari wenyewe, akausoma kwa miwani yake mipya, kwa sauti, kama anavyosoma kiberiti.

Kisha akafuta macho, akachukua kofia, akatoka bila kuaga. Nilidhani amekwenda kwa jirani wa redio. Alirudi baada ya nusu saa na kifurushi kwapani, akakiweka mezani mbele yangu. Uliomba nusu kilo. Amenunua kilo nzima. Anasema nusu ni yako, na nusu ni ya mgonjwa.

Kasuku ameshashika maneno yote. Mlio wa cherehani tumeujaribu jana na fundi magari alilia tena, sasa tumemzoea. Viti viwili vya mbele vimefungwa utepe.

Jioni nimempelekea Baba chai yake kama kawaida, kikombe peke yake, bila sukari. Akaniita nirudi. Akasema, "Mwanangu, mbona hakuna kijiko?"

Mwanao